Bahari Chini ya Salon ya Mama

Bahari sijapata kuiona. Kutoka Likasi, mji wetu wa machimbo, ukitaka kwenda baharini unaweza kuchagua upande wowote, kote ni mbali, ndiyo maana kwetu hakuna anayeizungumzia kama mahali pa kwenda. Mimi nauza bukari, yaani ugali, na maharagwe pale Kakontwe, karibu na machimbo ya mawe ya chokaa, nawapikia watu wanaopasua mawe. Shule niliishia darasa la nne la sekondari. Baba alifariki, na masomo yakaisha bila mtu kutangaza kwamba yameisha. Lakini bahari moja naijua vizuri. Iko kwenye sayari ya Mirihi, ambayo sisi huku tunaiita Mars, na haipo tena.

Niliipata kwa bahati. Sokoni kwetu yuko kijana mwenye kompyuta ambaye huwajazia watu video kwenye telefone. Unamwambia unataka nini, unamwachia telefone, unakwenda kununua nyanya, unarudi. Nilimwomba mahubiri kwa ajili ya mama, maana mama anasali katika kanisa la uamsho na anapenda kusikiliza neno huku akichambua mchele. Tulipofungua, tuliona jangwa jekundu, na sauti ya mwanamume mtulivu ikieleza mawe kwa Kifaransa. Mama alichambua sinia nzima kabla ya kuuliza.

“Pasta eko wapi?”

Nikamwambia hakuna pasta, ni sayari. Akasema tuache iendelee, pengine atakuja.

Hakuja. Mimi lakini niliitazama ile video mpaka mwisho, na kesho yake tena, na kijana wa sokoni alipoona nimependa akanitafutia nyingine za namna ile ile. Mpaka leo mahubiri ya mama hayajapatikana.

Nilivyoelewa mimi, mambo yako hivi. Zamani sana, kabla ya mtu yeyote, kule Mirihi kulikuwa na maji mengi, na wako wataalamu wanaosema upande wa kaskazini ilikuwa bahari kabisa. Wengine wanabisha. Kwa hiyo wanatuma mashine zenye magurudumu, zinazotembea polepole kama mtu aliyevaa viatu vipya, kwenda kuangalia. Na hawatafuti maji, maana maji yalishakwenda zake. Wanatafuta namna yalivyopaacha. Wanatafuta mawe yaliyolala tabaka juu ya tabaka, udongo wa mfinyanzi, vijiwe vilivyosuguana mpaka vikawa mviringo, ufuo uliofunikwa na mchanga, na mikunjo midogo midogo kwenye jiwe, ile ambayo maji huichora kwenye tope yakipita juu yake.

Hili halikunipa shida hata kidogo. Sufuria ya maharagwe ikikaukia motoni, pembeni inabaki alama inayoonyesha mchuzi ulifika wapi. Nami nina sufuria nyingi za namna hiyo.

Kilichonishangaza ni chokaa. Yule mtulivu wa kwenye video alisema bahari kubwa kama ile ingepaswa kuacha mawe mengi ya chokaa, lakini kule yanaonekana machache tu, na wataalamu wanajiuliza mengine yako wapi. Alisema kwa huzuni. Nilikuwa nimekaa Kakontwe wakati huo, nimeegemea gunia la makaa. Nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa mawe ya chokaa mrefu kuliko kanisa, na watu juu yake wakiupiga nyundo. Basi hapa pia palikuwa bahari. Wenzetu wanavuka anga kutafuta ushahidi kidogo, na sisi tunao mlima mzima, tunausaga kuwa simenti.

Nikawaambia wateja wangu. Walikuwa wanakula.

“Ile mashine,” akasema mzee mmoja anayetoboa mawe, mtu wa kutafuna taratibu, “banaituma kule juu kutafuta mayi?”

“Hapana mukubwa, si mayi. Mahali mayi ilikuwa.”

“Mahali mayi ilikuwa.” Akatafuna. “Kwa bibi yangu iko kisima ya kukauka. Bakuye baone, hata bule.”

Wakacheka. Mwingine akauliza: “Na chefu wa udongo ya kule ni nani? Balimusalimia?”

Hapo kicheko kilikwisha, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. Kwetu shimo halifunguliwi hivi hivi. Kabla ya kupiga sururu ya kwanza, unakwenda kwa chefu wa udongo, mwenye ardhi ile kwa mila, na kuku mweupe, unga na kinywaji. Unakaa chini unaeleza shida yako. Yeye anawaambia waliolala ndani ya ardhi hiyo. Bila hivyo madini hujificha, hata kama uliyaona jana kwa macho yako. Nilijaribu kukumbuka kama kwenye video walionyesha kuku. Sikumbuki.

“Njo maana habajapata,” akasema yule mzee, akarudisha sahani.

Nyumbani niliirudia hadithi hii mbele ya kaka yangu mkubwa. Huku kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanamume au mwanamke. Yaya ni mchimbaji wa madini. Alikuwa. Machimbo aliyokuwa akichimba na wenzake yalifungwa, na tangu hapo alikuwa anaamka saa ile ile ya zamani, anavaa buti, anakaa kwenye kiti. Ni mtu mwema sana, lakini ukimwona amekaa na buti unapata uchungu.

Mimi nilitaka acheke. Yeye aliacha kula.

“Udongo ya kule ni rangi gani?”

“Nyekundu.”

“Nyekundu yote?”

“Yote. Ni kutu.”

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mdogo wake. Kila mtoto wa Likasi anajua kwamba udongo mwekundu ni mlango tu. Watu huuondoa ili waone kama chini kuna kijani, na kijani ni shaba.

“Weye,” akasema, “nani anaweza kutuma mashine ya namna ile juu ya bahari ya kukauka? Banasema ‘bahari’ ili bajirani basikuye. Mbona siye tukipata filon chini ya nyumba ya muntu tunasema tunachimba WC?”

Hilo nalo ni kweli. Filon ni mshipa wa madini, na katika mji wetu, mtu akikuambia anachimba choo, unamwangalia mara mbili.

“Yaya, ni bahari kabisa. Hata hapa kwetu ilikuwa bahari. Kakontwe yote.”

“Hata hapa?”

“Hata hapa.”

“Sawasawa na kule?”

“Karibu sawasawa,” nikasema, na nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza swali la pili.

Akainuka, akapiga sakafu ya salon, yaani sebule yetu, kwa kisigino. Akasogea, akapiga tena. Akainama, akasikiliza. Mchimbaji asiye na shimo, kila sakafu humlilia kama ngoma.

Sasa ile sakafu. Baba yangu alifanya kazi ya simenti, na likizo yake ya mwisho aliitumia kumwaga sakafu ya salon peke yake, kwa magoti. Ndicho kitu cha mwisho alichokijenga. Mama anaipaka nta nyekundu kila Jumamosi, na katika kusugua huko huwa anaongea peke yake kwa sauti ndogo, na sisi watoto tulijifunza mapema kutoingia. Nyumba zilizochimbwa ndani nimeziona. Kwanza wanaondoa kochi. Halafu ukuta unapata ufa. Halafu mama mwenye nyumba anahamia kwa dada yake, na hapo unakuta shimo lenye paa. Nilijua yaya hataki hivyo. Kila mtu aliyechimba ndani hakutaka hivyo.

Siku iliyofuata, mchana, walibisha hodi mlango wa mbele. Alikuwa yaya, ambaye hakuwahi kubisha hodi nyumbani kwetu; anapita jikoni kama sisi wote. Alikuwa amevaa shati lenye mikono mirefu, na nyuma yake walisimama wenzake wawili wa shimo la zamani, mmoja mrefu na mmoja mnene. Mrefu alibeba unga kwenye sahani. Mnene alikumbatia kuku mweupe. Yaya alikuwa na chupa ya Fanta, maana mama hagusi pombe, na pia hataki pombe imguse.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Aliangalia unga, akaangalia kuku, akaelewa. Kabla hajaokoka, mama alizaliwa kijijini katika ukoo wa chefu wa udongo. Akarekebisha kitambaa cha kichwa, akakaa wima, na ghafla ile salon ikawa uwanja wa chefu.

“Mukae,” akasema. Wakakaa chini, kwenye sakafu yenyewe.

“Mama,” akaanza yaya, na sauti haikuwa yake, “siye ni batoto ba udongo. Tumekuya kusalimia mwenyewe wa udongo.”

“Nawasikia.”

“Tuko na njaa ya kazi, mama. Tunaomba mulango.”

“Mulango wapi?”

Yaya akaweka kiganja chake sakafuni, taratibu sana, kama mtu anayepima homa ya mtoto. “Hapa.”

Kuku akasema neno. Mnene akamfunika mdomo.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele tungepumua. “Nani aliwaambia chini ya hapa iko kintu?”

Wote watatu wakageuka kuniangalia mimi, niliyekuwa mlangoni na kijiko cha bukari mkononi.

“Minye sikusema kintu,” nikasema. “Nilisema bahari.”

“Kuya hapa, muntu ya Mars,” mama akasema. “Kaa.”

Nikakaa sakafuni pamoja na wajumbe.

Mama akaniuliza mbele yao, polepole, kama hakimu aliyekwisha kula. “Ile bahari yako. Ilikuwa chini ya salon yangu tu?”

“Hapana, mama. Bahari ni kubwa. Ilifunika mji yote.”

“Hata Buluo?”

“Hata Buluo.”

“Bafungwa ba Buluo beko juu ya bahari?”

“Ndiyo, mama.”

“Na nyuma ya nyumba yangu?”

“Hata nyuma.”

“Pale kwenye WC?”

“Bahari haisimamishwe na ukuta, mama. Kama iko hapa, na pale iko. Ni tabaka moja, inapita.”

Mama akamgeukia yaya. “Umesikia? Inapita. WC ya zamani imejaa, na minye nalia kila siku munichimbie ingine, hakuna mwenye masikio. Udongo nawapatia. Mukachimbe pale nyuma. Mukipata kijani, mutakuya kubisha tena, na minye mwenyewe nitaondoa kochi. Mukikosa, salon yangu hamutaigusa mupaka nikufe.” Akanyoosha mkono. “Mulete Fanta. Haina hata baridi.”

Kuku tulimla siku ile ile. Alikuwa mgumu.

Sasa naweza kusema nimeona wanaume wakichimba choo kwa imani. Walianza alfajiri, mmoja chini na sururu, wawili juu na kamba na ndoo. Mimi niliwaomba wanibakishie konzi moja ya udongo kila unapobadilika rangi, nikazipanga juu ya ukuta wa uani, kwa mstari, kama ile mashine inavyofanya inapotoboa: inatazama kila tabaka kabla ya kwenda chini zaidi. Juu mwekundu. Kisha mwekundu wenye vijiwe. Kisha wa manjano, unaonata, udongo mzuri kabisa wa mfinyanzi, ambao kule juu wangeufurahia wiki nzima. Nikirudi kutoka Kakontwe na sufuria zangu kichwani nilikuwa nakwenda ukutani kabla hata ya kuzitua.

Majirani nao hawakulala. Mama wa nyumba ya pili alisimama kwenye ua akatuangalia.

“Munachimba nini, jirani?”

“WC,” yaya akajibu.

“Aa. WC.” Akakonyeza jicho. “Mungu abariki WC yenu.”

“Mama, ni WC kweli,” nikasema mimi.

“Minye nilisema nini? WC.” Na kabla ya Jumamosi mume wake naye alikuwa anachimba choo, ingawa chao kilikuwa kipya.

Jambo hili lilimpa yaya nguvu kuliko bukari. Kama jirani anaamini, lazima kuna kitu cha kuamini. Alianza kuimba ndani ya shimo. Mimi nikilala nilikuwa namwona mama akisogeza kochi, maana mama akisema neno halirudishi. Na nikigeukia upande wa pili nilikuwa namwona yaya kwenye kiti na buti zake. Sikuwa na upande mzuri wa kulalia.

Halafu sururu ikagonga jiwe. Ilikuwa mchana, jua liko katikati.

“Kuya!” yaya akaita kutoka chini. “Kuya na akili yako yote!”

Nikavaa suruali yake ya kazi, nikafungwa kamba kiunoni, mrefu na mnene wakaniteremsha. Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya mvua ya zamani. Yaya alikuwa amepiga magoti. Mnene, juu, alishika kioo kidogo cha kunyolea, akatutupia jua ndani, ndivyo wanavyofanya wachimbaji betri zikiisha.

Jiwe lilikuwa la kijivu, lenye zambarau kidogo. Yaya alikuwa amelifagia kwa mkono. Na juu yake, kutoka ukuta hadi ukuta wa shimo, kulikuwa na mikunjo. Midogo, sambamba, mingine ikiungana na mwenzake kisha ikiachana, vile vile kabisa. Niliweka kiganja. Vidole vyangu viliingia katikati ya mawimbi. Maji yalipita hapa siku moja, upepo kidogo, kina kifupi, wala hakuna aliyekuwapo, yakachora hivi yakaenda zake, na tope likakubali kubaki hivyo mpaka sisi tuhitaji choo. Nililia. Nilimwambia yaya ni vumbi.

“Ni kijani?” akauliza. Alikuwa na macho, aliona si kijani. Aliuliza tu.

“Hapana, yaya.”

“Na chini yake?”

Hapo ndipo nilipokuwa sitaki kufika. Nikisema pengine, angeendelea kushuka, na ukuta wa lile shimo ulishaanza kutoa jasho, dalili ya kuporomoka. Nikisema hapa hakuna lakini pengine pembeni, pembeni ni salon. Alinitazama, uso wote vumbi la manjano, na niliona kwamba angeamini chochote nitakachosema, kwa sababu mimi ndiye nimetazama video.

“Ni bahari, yaya,” nikasema. “Tope ya bahari iligeuka jiwe. Minye hakuna mahali naona dalili ya shaba. Hapa haiko, na kule chini ya salon ni hii hii.”

Akapitisha kidole kwenye wimbi moja mpaka mwisho wake.

“Bale bantu ba mashine,” akasema. “Bakifika, bakikuta haiko kile balitaka. Banafanya je?”

“Banasema.”

“Banasema nini?”

“Kwamba tulifika, tuliangalia, hapa haiko. Ili mwingine asikuye kupoteza nguvu yake.”

“Njo kazi hiyo?”

“Njo kazi, yaya. Karibu yote ni hiyo.”

Akalifagia tena lile jiwe lote kwa mkono, mpaka mnene akauliza kutoka juu kama tumekufa. Kisha yaya akafunga kamba kiunoni.

Aliosha mikono. Aliwakusanya wenzake, wakazunguka nyumba, wakabisha hodi mlango wa mbele. Mimi nilipita jikoni kwa kukimbia, nikawahi. Mama alikuwa amekaa wima tayari.

“Mama,” yaya akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, “tuliomba udongo, ulitupatia. Tulifika kwenye jiwe, tuliangalia. Haiko kintu. Na chini ya salon haiko kintu. Minye nimeona kwa macho. Muntu akikuya kukuambia iko, umwambie mutoto wako alifika.”

Mama alimtazama mwanawe. Nilidhani atasema habari ya choo. Badala yake aliinuka, akafunga kitenge vizuri, akatoka nje, sisi nyuma yake, mpaka ukingoni mwa shimo. Akashika bega la yaya ili asiteleze, akainama.

“Iko wapi?”

Mnene akageuza kioo. Jua likateremka, likatikisika, likatulia juu ya jiwe.

“Ile mistari, mama,” nikasema.

“Njo bahari?”

“Njo yenyewe.”

Aliiangalia sana. Kule ukutani kuku wa jirani walikuwa wanadonoa sampuli zangu.

“Ni ndogo,” akasema.

“Ile ni kipande tu, mama,” yaya akamwambia, na hakuwa amenitazama mimi kwanza. “Inaendelea. Inapita chini ya nyumba, inaenda.”

“Chini ya salon?”

“Chini ya salon, chini ya yote baba alijenga, inaenda mupaka Kakontwe.”

Mama akanyooka, akajipangusa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

“Basi muache ipite,” akasema.